Semei na Gurudumu la Nati Moja

Semei alikuwa fundi wa malori. Ninalisema hilo mapema msije mkamlaumu kuliko anavyostahili. Tangu avuke mpaka kutoka Mbale, miaka kumi na miwili, alifanya kazi katika mtaa wa Malakia, kwenye uwanja wa mzee mmoja, baba wa kijana aitwaye Majur, na nyuma ya karakana, katika vyumba viwili vya mabati, ndiko alikolala na mkewe Josline na watoto watatu. Sasa mzee mwenye uwanja alitaka kujenga maduka hapo, nao wahame.

Jumamosi asubuhi, Josline alipokwisha kwenda sokoni na watoto, Majur aliingia na gari la michezo juu ya lori. Jekundu, limeinama hata paka hapiti uvunguni. Ni mtu gani hununua gari kama lile kwa barabara zetu? Tairi la nyuma kushoto lilikuwa na pancha, na gurudumu halikuwa na nati tano kama ya magari mengine. Lilikuwa na moja tu, katikati, pana kama kisahani.

"Fundi, leo dada yangu anaolewa, na hii gari ndiyo itambeba," alisema Majur, kwa Kiswahili cha Eldoret alikokulia. "Ikiwa tayari saa nane, nitaongea na mzee, utabaki hapa. Lakini sitaki mtu mwingine aiguse. Wewe pekee."

"Boss, hii kazi ni ya watu wawili. Na mimi iko peke yangu, msaidizi wangu Owen alienda kuzika mama yake."

"Utajua wewe." Akampa soketi kubwa ya kufungulia nati ile, iliyokuja na gari, akatoka, akafunga geti kwa nje.

Utajua wewe! Nati ile imekazwa kwa nguvu za wanaume wawili. Mmoja hukaa ndani akakanyaga breki gurudumu lisizunguke, mwenzake akavuta nje. Semei alikata ubao, akaukaza kati ya kiti na pedali, blanketi la watoto likiwa chini yake ngozi ya kiti isichubuke. Akachomeka bomba la chuma, urefu wa mita mbili, kwenye mpini wa soketi ile. Akavuta. Ubao ukaruka. Akaukaza tena, akavuta, ukaruka tena. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Jasho lilimwingia machoni, akamwomba Mungu kwa Kigisu, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, maana hakujua siku hiyo Mungu anasikiliza lugha gani.

Mara ya nne ubao ulishika. Semei akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote, na nati ikasogea. "Asante Yesu!" Akaning'inia tena. Ikasogea tena, ikalia kwa ukali, halafu ghafla ikalegea, naye akaanguka chali.

Alipoivua aliona vumbi la chuma likimwagika. Meno ya nati yalikuwa yamekatika, na ya mhimili inakokazwa pia. Hapo ndipo alipoelewa. Kwenye malori ya zamani aliyojifunzia, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kinyume na za kulia. Mikono yake ilifanya ilivyozoea. Hili halikuwa lori; nati zake zote hufunguliwa upande mmoja. Asubuhi nzima alikuwa anakaza. Mazoea yana tabu, jamani, na siku hiyo yalimla mwenyewe.

Alilia. Kisha akaziba pancha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akarudisha gurudumu, akaisukuma nati mahali pake, akaweka kifuniko juu yake. Gari likapendeza. Ungeweza kuizungusha ile nati kwa vidole viwili, lakini nani angeifunua?

Saa nane kasorobo geti likafunguliwa. Majur alikuwa amevaa suti, nyuma yake dada yake amesimama katika gauni jeupe, amelishika lisiguse vumbi.

"Kweli wewe ni fundi!" Majur akacheka. "Itafika kanisani?"

Neno moja tu lilitakiwa. Semei alitazama mabati ya vyumba vyake, akamtazama yule msichana, aliyekwisha kunyoosha mkono kufungua mlango.

"Haifiki, boss. Usimweke ndani. Nimeiharibu mimi, gurudumu litatoka njiani."

Majur aliinama, akatoa kifuniko, akaigusa nati, ikamdondokea kiganjani. "Jumatatu nisiwakute hapa," alisema, akamshika dada yake mkono, wakaondoka kutafuta gari lingine.

Josline aliporudi alimkuta Semei ameketi kwenye tairi bovu. Semei akamweleza yote, hakuficha hata moja.

"Bibi harusi alikuwa ameingia ndani?" Josline akauliza.

"Hapana. Alikuwa ameshika mlango."

Josline akamshusha mtoto mgongoni, akajifuta uso kwa leso. "Haya, baba Milly," akasema. "Tufungashe. Tuanze na vyombo."