Bidoni Niliyoiona, Esanse Nisiyoiona

Siku ninayoikumbuka kwa aibu kuliko zote, mwanangu, ni Jumatano moja pale Karuba, watu wanne waliokaa kwenye benchi waliponiuliza swali fupi, nami nikajibu zaidi ya nilichokijua.

Nakuandikia kwa sababu jana ulipokuja kuniaga ulisema juu ya yule mlinzi wa shule yenu: "Papa, kila mutu anajua njo yeye aliiba mabati." Ukasema umeitwa kesho kutwa ukatoe ushahidi. Nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Mimi si mwepesi wa kujibu papo hapo, na shule yenyewe niliiacha mwaka wa sita. Pengine nitaandika vibaya. Lakini kunyamaza kungekuwa vibaya zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wafugaji wa Karuba walikuwa na chama, na chama kilikuwa na kamyoneti moja ya zamani, ya kutumia petroli, au esanse kama tunavyosema, iliyopakwa rangi mara nyingi hadi hakuna aliyejua rangi yake ya kwanza. Ilibeba fromaji zetu, yaani jibini, asubuhi, ikapanda mpaka Mushaki, ikateremka mpaka Sake. Dereva alikuwa Papa Musafiri, mtu wa Pinga, mrefu, mwenye maneno machache, aliyekuja kwetu peke yake kutafuta kazi. Mimi nilikuwa kombwayeri wake: nilipakia, nikakaa juu ya mzigo, nikapakua.

Basi ile gari ikaanza kukohoa. Ikifika kwenye mpando, motere, injini yake, ilikuwa inashtuka, inakosa pumzi, inavuta kwa silindiri tatu badala ya nne. Siku nyingine tulishuka tukasukuma, fromaji zinatuangalia. Fundi wa Sake alibadilisha buji zote, plagi za kutoa cheche, akasafisha karburateri, akapuliza mipira ya esanse. Lakini gari ilikuwa ikifika kwake jua limeshatoka, na motere inaimba vizuri. Fundi akatuangalia kama watu wanaomletea mtoto mzima na kusema anaumwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Papa Prezida, mkubwa wa chama, alisema esanse ina maji. Nisimwonee: aliwahi kununua esanse ya kando ya barabara, akaimwaga ndani ya chupa, akaona maji yametulia chini. Kwa hiyo wazo lake lilikuwa na mzizi. Ubaya ni pale alipofika. Kama kuna maji, kuna anayeyatia. Kama kuna anayeyatia, ni yule anayeuza esanse yetu na kujaza pengo. Na nani mwingine, kama si mgeni?

Jumatano hiyo komite ya chama, wazee wanne kwenye benchi, wakaniita.

"Weye njo unatembeaka naye," Papa Prezida akasema. "Ulishaona anauzisha esanse?"

Mara mbili, pale Sake, nilikuwa nimemwona Papa Musafiri akimpa mtu mmoja bidoni ya njano, dumu la plastiki, nyuma ya duka. Hilo tu.

"Niliona, Papa," nikasema. "Bidoni ya esanse."

Sikumchukia yule mtu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Nadhani ni kwa sababu wazee wanne walinitazama wakingoja, na ilikuwa tamu kuwa mtu anayejua. Wakaamua kwamba Jumapili baada ya misa atanyang'anywa ufunguo mbele ya watu wote. Na dereva akishaitwa mwizi kwenye barabara ile, hakuna atakayempa tena gari.

Kesho yake nilikuwa napakia kwenye nyumba ya fromaji. Msimamizi wake alikuwa Mama Vumilia, mjane mwenye mikono ya chumvi na sauti ya kufukuza ng'ombe.

"Kuja hapa, shahidi," akaniita mbele ya wafanyakazi wenzangu. "Ile bidoni, uliifungua?"

"Hapana, Mama."

"Uliinusa?"

"Hapana."

"Basi esanse uliitoa wapi? Ile bidoni ni miye niliijaza! Maji yenye kutoka mu fromaji, ya nguruwe za shemeji yangu ya Sake. Musafiri anamupelekea bure, ata asante hajapewa. Ao nguruwe njo zinatumika na esanse siku hizi?"

Wenzangu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mimi nilitamani kuingia chini ya rafu. Kisha akanisogelea, na safari hii hakupaza sauti.

"Umenyanganya mutu kazi yake na mudomo tu. Sasa utairudisha na nini?"

Mchana ule ule nilikwenda kwa Papa Prezida. Alinisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo.

"Bon. Bidoni ilikuwa ya nguruwe," akasema. "Lakini motere iko nakohoa. Maji iko naingia. Komite imeshaamua."

"Papa, komite haijafungua kapo ione motere."

"Na weye ulisoma mekaniki wapi?"

"Sikusoma. Lakini Jumapili haijafika."

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa na kitu kimoja tu, kaye yangu, daftari la shule. Wakati huo nilikuwa na tabia, ninayo mpaka leo, ya kuandika mstari mmoja kila siku, si kwa ajili ya mtu yeyote. Nikafungua kurasa nyuma. Ukungu, tumesukuma. Ukungu, imekohoa. Jua, imetembea vizuri. Mvua ndogo, imekohoa. Kila ukurasa hivyo hivyo. Mara mbili tu ilikohoa bila ukungu wala mvua. Moja ilikuwa siku tuliyoiosha mtoni. Ya pili sijui mpaka leo, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini nikajiambia: maji yakiwa ndani ya esanse, hayangoji ukungu. Adhuhuri pia yangekuwemo.

Nikaenda kwa Papa Musafiri. Alikuwa mlangoni kwake anashona kiatu.

"Umekuja kuona bidoni ingine?" akauliza.

Nikamwambia yote: nilichokiona, nilichokisema, nilichokiandika. Akashona mpaka uzi ukaisha.

"Miye nilibaambia kutoka mwanzo kama ni umeme," akasema. "Baliniuliza, mwizi anajua umeme?"

Hakusema amenisamehe. Aliniambia tu nije Ijumaa asubuhi.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito. Akawasha motere, ikasimama pale inatetemeka kwa silindiri zake tatu. Akanifundisha jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote: chomoa waya wa buji moja, sikiliza, rudisha, chomoa wa pili, sikiliza, rudisha. Ukichomoa na motere ikalegea, silindiri ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kinachobadilika, umempata mvivu. Nilishika waya wa kwanza kwa mkono uliolowa, nikajikuta nimekaa kwenye matope, mkono umekufa mpaka kwapani.

"Sasa unasadiki kama umeme iko," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake.

Mvivu alikuwa wa tatu. Tukaweka buji ya tatu kwa wa kwanza na ya kwanza kwa wa tatu. Wa tatu akabaki mvivu. Tukabadilisha nyaya, bado ni yeye. Kikabaki kifuniko cha delko, kile cheusi kinachogawa umeme kwa silindiri zote nne. Tukakitoa, tukakipangusa, tukakigeuza kila upande. Kizuri tu. Hakuna ufa tuliouona. Mara jua likatoka, na gari ikapona mikononi mwetu kama kawaida yake.

"Cheche iko inatoroka palepale," Papa Musafiri akasema. "Lakini mu mwangaza hauwezi kuiona. Inaomba giza na maji kidogo."

Giza na unyevu. Nikaikumbuka nyumba ya fromaji: kuta za mawe, hakuna dirisha, mlango mpana wa kupakilia.

"Gari? Mu fromaji zangu?" Mama Vumilia akafoka.

"Pua tu, Mama. Bomba la moshi litabaki nje."

"Nikikuta ata moja inanuka moshi, utazikula zote, na maganda yake."

Jumapili watu walitoka kanisani wakakusanyika. Papa Prezida alikuwa ameshaanza kusema niliposimama.

"Nilisema niliona esanse. Sikuiona. Nilidanganya. Muandike ivyo."

"Huyu amekunywa!" mmoja akapiga kelele.

"Mutu ya Pinga amemupa kitu!" mwingine akaitikia.

"Basi musinisadiki tena," nikasema. "Mukuje muone na macho yenu."

"Komite haifuataki motere," Papa Prezida akasema.

"Basi mutafukuza mutu juu ya kitu yenye mumeogopa kuangalia!"

Yale hayakuwa maneno ya kumwambia mtu wa umri wa baba yangu. Najua. Nimeyapima miaka yote hii, na bado siyarudishi. Nikasikia funguo zinalia. Alikuwa Mama Vumilia.

"Wenye kuogopa giza babaki hapa," akasema. "Miye nafungua."

Wakafuata wote, pamoja na komite. Tukasukuma pua ya gari mpaka ndani, tukatundika magunia juu yake kuziba mwanga. Papa Musafiri akawasha. Mama Vumilia akachovya kitambaa, akakikamua juu ya kifuniko cha delko.

Mwanangu, kakatokea kamstari ka bluu, kembamba kama uzi, kakatambaa juu ya kifuniko kutoka mahali pa waya wa tatu mpaka kwenye chuma. Kila kakitambaa, motere inakohoa. Kila aliyekuwa mle ndani alikaona.

Papa Prezida akavua kofia, akainama.

"Pangusa," akasema.

Nikapangusa kwa kitambaa kikavu. Uzi ukafa, motere ikatulia.

"Lowesha."

Ukarudi. Alitufanyisha hivyo mara tatu, na ndiyo maana nilimheshimu mpaka alipofariki. Kisha akatoka nje, mbele ya watu wote, akampa Papa Musafiri mkono.

"Papa, tumekukosea."

Kifuniko kipya kikatafutwa Goma. Safari iliyofuata tulipanda Mushaki ndani ya ukungu mzito hata usingeona mkono wako mwenyewe, na motere haikutoa hata kikohozi kimoja. Tuliporudi Karuba, Papa Musafiri akazima gari, akampelekea Papa Prezida ufunguo.

"Gari imepona," akasema. "Miye bado."

Walimbembeleza. Hakutaka. Nilimbebea mfuko wake mpaka kwenye njia panda, na pale akaniambia: "Ulikosa mbele ya batu bane, ukatengeneza mbele ya parokia muzima. Hiyo nimeona." Akaenda zake.

Niliiendesha ile gari miaka mingi baada yake. Kisha vita vikatusukuma, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako, tukafika hapa Pinga kwa miguu na godoro moja. Watu walitutazama jinsi watu wanavyotazama wageni. Mlango wa kwanza uliofunguka ulikuwa wa mzee mrefu mwenye fimbo. Alinitazama sana. Hakuuliza nani alikufa wala tumeleta nini.

"Ile motere," akasema, "ilikohoaka tena?"

"Hapana, Papa."

"Basi ingia."

Sasa sikia ninachokuomba. Labda yule mlinzi aliiba kweli. Mimi simjui, wala sisemi hakuiba. Lakini kesho kutwa wakikuuliza, toa kile ambacho macho yako yalipata, kwa kipimo kile kile. Kama uliona toroli, sema toroli. Usiongeze mabati juu yake ili benchi la wazee lifurahi. Wakikuambia kila mtu anajua, waulize nani kati yao alifungua na kuangalia. Wakicheka, waache wacheke, wewe usikae chini. Na kama umeshasema zaidi ya ulichokiona, rudi kwa watu wale wale, uliseme jina la kosa lako kwa sauti ile ile. Usingoje mtu akutetee. Mimi nilikuwa na Mama Vumilia, wewe huenda utakuwa peke yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe magoti yanayotetemeka na bado yanasimama. Alinde mdomo wako usitangulie macho yako. Na siku utakapofika mahali ukiwa mgeni, mzigo kichwani, akuwekee mtu mlangoni atakayekuambia: basi ingia.