Finjani ya Saba

Kila nikisikia harufu ya iliki kwenye kahawa, hasira hunipanda.

Tulikuwa tumehamia Nizwa, Uarabuni, kutoka bara. Kodi ya chumba ilikuwa ikitutoa roho, baba hana kazi, na mdogo wangu alikuwa mchanga wa miezi mitatu. Siku moja mama alitubeba kwenda kwa bibi mmoja wa ukoo wa baba, kumwombea baba kazi dukani kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu, kisha akaendelea na wageni wake kwa Kiarabu kama hatupo.

Msichana wa nyumba alimimina kahawa. Mama akanywa, akarudisha finjani. Ikajazwa. Kwetu kukataa cha mwenyeji ni ufidhuli, basi akanywa tena. Ya tatu, ya nne. Mtoto analia, mama anameza uchungu ule, jasho linamtoka, na wale wanawake wanachekea ndani ya shela zao. Ilipofika ya saba ndipo bibi akamgeukia, kwa Kiswahili safi cha Unguja:

"Ukitosheka, mwanangu, unaitikisa finjani. Au huko kwenu hamtosheki?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ile kazi mama hakuiomba tena.

Juzi bibi yule yule alikuja kwangu. Kahawa nilimmiminia mwenyewe. Amezeeka, finjani ilianza kutetemeka mkononi mwake kabla hajaifikisha mdomoni.

"Umetosheka, bibi," nikamwambia, nikaichukua ingali imejaa.