Pumzi Kabla ya Wimbo

Dukani kwa Suhail, pale Ng'ambo, nyimbo huchukuliwa kama dagaa: kwa wingi. Mteja humpa memori kadi akauliza neno moja tu, "Zinaingia ngapi?" Basi kompyuta yake siku zote hukaa kwenye MP3 ndogo kabisa, iliyobanwa hadi kilobiti sitini na nne. Hakuna aliyewahi kumuuliza zinasikikaje.

Asubuhi moja akaja Mwanakheir, mkulima wa mwani kutoka Chwaka, na memori kadi, na kanda kuukuu ndani ya kitambaa.

"Mama yangu huyu, Mungu amrehemu. Aliimba harusini kwa jirani. Nnataka nimsikie nikiwa majini."

Suhail akairikodi kama anavyorikodi zote: akakata mwanzo usio na wimbo, akafuta mavumo, akabana. Mwanakheir akavaa spika za masikioni, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Mama yumo. Mimi umenitupa wapi?"

"Wewe, dada?"

"Kabla hajaanza aliniita. Nilikuwa uani, n'na miaka sita, nikaitika. Halafu akavuta pumzi, kama mtu anayechota maji kisimani. Humu pumzi haimo."

Suhail akakitazama kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda. Kilikuwa na vumbi la kahawia: kanda ilikuwa ikipukutika.

"Kanda imechoka. Labda itapita mara moja, labda isipite."

"Ipitishe. Na mara hii usimkoshe mama yangu, mwanamme we! Si samaki."

Suhail akachagua WAV, faili lisilobanwa. "Litakula nafasi. Nyimbo nyengine hazitoingia nyingi."

"Nyengine za nini?"

Kanda ikazunguka. Kwanza ukaja mvumo kama mvua iliyo mbali, na ndani yake bangili, vikombe, kicheko cha mtu. Chumba kikawa kama pwani maji yanapojaa taratibu, bila ya kelele. *Mwanakheir!* Na kutoka mbali, kama toka ng'ambo ya usingizi, sauti nyembamba: *Naam!*

Kisha pumzi. Suhail alijikuta naye ameizuia yake.

Katika ubeti wa tatu kanda ikakatika.

Wote wawili wakaitazama inavyoning'inia.

"Mwisho wake umo kwenye ile MP3 ndogo ya mwanzo," Suhail akasema polepole. "Nikuungie?"

Mwanakheir aliipokea kadi iliyotiwa ile WAV, akaishika kiganjani kama kifaranga.

"Iache. Mwisho nnaujua. Ntauimba mwenyewe."