Rangi Kumi na Mbili za Mwamba

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu picha ya mume na mke waliooana wiki ile ile. Studio ilikuwa Satwa, chumba kimoja kati ya fundi cherehani na gereji, na mwenyewe tulimwita Arbab, kama wafanyakazi wengi wa Dubai wamwitavyo tajiri wao. Bwana alivaa kandura, kanzu ya kule, nyeupe pe, bibi baibui jeusi ti. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimezaliwa mtaa huo huo kwa wazazi wa Unguja. Nikalenga, nikabofya, nikajiona fundi. Alasiri Arbab akaitoa karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha, akaitazama kitambo, akasema:

"Raya, umepiga picha ya wingu na shimo."

Kweli. Kandura ilikuwa mwanga mtupu, baibui giza tupu, na juu yake nyuso mbili zinaelea. Arbab hakunigombeza. Alinieleza kwamba kamera ni mjinga mwenye kujiamini: hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu, kisha huongeza au hupunguza mwanga mpaka kiwe hivyo. Kazi ya mpiga picha ni kumkatalia. Akanipa kipimamwanga, kijidude cha kushika mkononi kinachosoma mwanga unaomwangukia mtu, akanionyesha jinsi ya kukiweka karibu na shavu. Kisha akanisogezea simu ya mezani.

"Wapigie wewe mwenyewe. Waambie umekosea, warudi."

Nikapiga, nikakiri. Walirudi siku ya pili wanacheka, na bibi arusi akaniletea halua. Somo hilo la kukiri kosa lilinigharimu aibu ya dakika tano tu, na ndilo lililonifaa kuliko yote ya kipimamwanga.

Baada ya miaka sita nilihamia kwenye kumbi za arusi, upande wa wanawake. Vijana wa siku hizi hawaelewi kazi ile ilikuwaje. Ndani ya ukumbi wanawake wamevua mabaibui, wamejipamba, wanacheza kwa uhuru wao, na mwenye kamera ni mmoja tu. Aliyetusimamia aliitwa Bi Mkubwa wa Ukumbi, mama mnene mwenye sauti ya chini. Filamu zikimalizika nilimkabidhi yeye, naye alizitia ndani ya bahasha, akaibandika, akampa mama wa bibi arusi papo hapo. Mimi sikubaki na hata moja.

Mara moja nilimwomba nakala ya picha niliyoipenda, bibi mmoja mzee akicheka mpaka machozi. Bi Mkubwa akaniuliza, "Yule bibi uso wake kakupa wewe?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Nilikaa pale miaka kumi na minne. Kutoka huko nilichukuliwa na gazeti moja la safari lenye ofisi Al Mankhool, juu ya duka la mazulia. Mhariri Mkuu alikuwa mwanamke, tukimwita Madam, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuwaka. Aliniajiri kwa sababu nilipiga arusi ya dada yake na hakuna picha hata moja iliyovuja. Mwaka wangu wa ishirini pale alinipeleka Hatta kupiga milima, na huko nikapata mapenzi mapya. Asubuhi milima ile ni ya kahawia, adhuhuri hupauka kama mfupa, na jua likielekea kuzama huwa zambarau kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha khalas, basi. Nilikaa juma zima juu ya bwawa la huko nikizisubiri rangi hizo. Madam alipoziona alipiga meza.

"Bi Raya, tunafanya kalenda! Nataka mwamba ule mkubwa wa jangwa la Australia. Uluru. Miezi kumi na mbili, rangi kumi na mbili. Yalla, tafuta viza."

Wakati huo nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nilipewa mwenzangu wa kuandika maneno, Mutiso, Mkenya wa Machakos, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, hodari wa kalamu lakini hana subira. Tulipotua, alisimama mlangoni mwa ndege akatazama ardhi nyekundu pande zote, akasema, "Aunty, hii si ni kwetu kabisa! Imekosa tu mbuzi." Kisha nzi wakamvamia, na kwa siku zote tulizokaa kule alivaa kichwani chandarua kidogo kama mfuga nyuki.

Uluru ni mahali patakatifu pa Waanangu, wenyeji wa asili wa jangwa lile, na wao ndio wenye ardhi. Mpiga picha wa biashara haingii hivi hivi. Tuliomba kibali, tukapewa kitabu chenye ramani za mwamba, na sehemu kadhaa zimepakwa rangi kuonyesha kwamba hapo pasipigwe picha. Aliyetupokea alikuwa mama wa Kianangu, mwenye mvi na kofia ya sufu licha ya jua. Alituambia tumwite Bibi kama tulivyozoea kwetu. Alituzungusha sehemu tulizoruhusiwa, akatuonyesha kibao kwenye kila sehemu ya kuzuiwa.

"Kila ufa na kila shimo hapa lina hadithi yake," alisema. "Nyingine nitakusimulieni. Nyingine ni za wanawake wetu tu, nyingine za wanaume tu. Hizo hukaa hapa hapa. Mwenye haki ya kuziona huja kwa miguu yake."

Siku mbili za kwanza zilinistarehesha sana. Nilifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu mahali pamoja, nikabofya kila baada ya robo saa tangu alfajiri. Jambo la kwanza nililolifanya ni kuizuia kamera isisawazishe rangi yenyewe. Kamera za kisasa zikiona wekundu mwingi hudhani ni kosa na hulirekebisha. Ukiziachia, mwamba unakuwa rangi ya biskuti. Nikapata bluu ya kabla ya jua, nikapata waridi, nikapata kutu, nikapata rangi ya chungwa iliyowaka kwa dakika nne hivi hata Mutiso akaacha kuongea. Saba zikawa mkononi.

Siku ya tatu ikanyesha mvua.

Bibi alisema tuna bahati; watu huja mara kumi bila kuyaona haya. Maji yalikusanyika juu ya mwamba, yakaanza kuteremka kwa michirizi, kisha kwa maporomoko, na ile nyekundu yote ikageuka rangi ya fedha na zabibu mbivu. Nilikuwa nazunguka kwa miguu, nguo zimenilowa, nacheka peke yangu kama kichaa. Nikakunja kona, na mbele yangu pakatokea poromoko moja jembamba linaingia kwenye ufa mrefu, jua limechungulia kutoka nyuma ya wingu na kuligusa maji. Nikabofya mara tatu.

Nilijua papo hapo kwamba katika miaka arubaini sijapata kupiga picha kama ile. Mutiso akachungulia kioo cha nyuma ya kamera.

"Aunty! Hii ni moto!" Akatoa simu yake, akakipiga picha kile kioo, na kabla sijamaliza kufuta maji kwenye lenzi alikwisha mtumia Madam. Jibu halikuchukua dakika tano. "JALADA. Nitumie picha yenyewe leo."

Tulirudi garini tumefurahi. Nikafungua kitabu cha ramani ili niandike mahali picha ilipopigwa, kama ilivyo desturi, nikafuatisha njia kwa kidole. Kidole kikaingia ndani ya ile sehemu iliyopakwa rangi. Nikakirudisha, nikafuatisha tena, nacho kikaishia pale pale. Nilikuwa nimepita kibao kwenye mvua bila kukitazama.

"Mutiso," nikasema, "nimepiga pasipopigwa."

Alisoma ramani, akafunga kitabu. Halafu akasema kwa sauti ya kunibembeleza, "Aunty, ni maji tu na jiwe. Nani atajua? Madam ashaiona. Tukisema imefutwa, sisi ndio tutafutwa."

Sikumlaumu. Na mimi nilikwisha jiambia hivyo hivyo kabla hajasema. Nilikaa na kamera mapajani, naitazama picha, naipenda. Yalinijia maneno ya kila aina: kwamba ni bahati mbaya, kwamba sikukusudia, kwamba nimebakiza miaka michache tu na sijawahi kuwa na jalada la kukumbukwa. Kisha nikashuka garini nikaenda kumtafuta Bibi.

Nilimkuta amejikinga mvua barazani na bilauri ya chai. Nikampa kamera, nikamwambia nilivyofanya. Aliitazama mara moja, akageuza uso upande.

"Kibao hukukiona?"

"Kilikuwapo. Sikukitazama."

Alikunywa chai yake. "Mwanamke wetu akiwa mdogo," alisema taratibu, "husubiri miaka mingi kabla ya kuletwa pale. Sasa kwenye kalenda yako atapakuta ukutani kwa kinyozi."

Nikaichukua kamera. Nikazifuta zote tatu mbele yake, nasema kweli, si kwa toba pekee bali kwa uchungu pia. Mutiso alikuja akasimama nyuma yetu. Bila kuambiwa akatoa simu, akafuta, akamwonyesha Bibi. "Samahani, mama," akasema. Bibi akasogea kwenye benchi ili tupate kukaa, akatumiminia chai.

Ikabaki Madam. Nilimpigia pale pale barazani.

"Umefanya nini?" alipaza sauti hata Bibi akainua nyusi. "Bi Raya, ni jalada langu! Sikukutuma kule ukatubu!"

"Madam, picha za arusi ya dada yako ziko wapi?"

"Zipo kwa mama. Zinahusu nini?"

"Mimi nilizipiga. Ninazo ngapi?"

Nilisikia honi za magari ya Al Mankhool kupitia dirisha lake. Halafu akasema, "Hiyo si haki, Bi Raya," na akakata simu.

Sikula vizuri siku ile. Asubuhi ukaja ujumbe wake wa maneno manne: "Nimefuta. Tafuta nyingine, inshallah." Nilimsomea Mutiso kwa sauti, naye akaruka hata chandarua kikamdondoka.

Siku mbili zilizobaki tulifanya kazi ya siku sita. Rangi ya fedha niliipata tena upande ulioruhusiwa, mvua ilipopiga kwa mara ya mwisho. Nikapata zabibu, nikapata damu ya mzee, nikapata majivu ya baada ya jua kuzama. Kumi na moja. Jioni ya mwisho tulisimama uwanja wa wageni pamoja na watu wa kila taifa, wanasubiri machweo. Mwamba ukaanza kuwaka. Nikaweka jicho kwenye kamera, nikaipata ya kumi na mbili, kisha nikasikia kwamba makelele yote ya nyuma yangu yamekatika. Nikageuka.

Watu kama mia walikuwa wameduwaa. Kikongwe mmoja amemshika mumewe mkono wa shati. Mwanamke amesahau kufunga chupa, maji yanamwagika. Na katikati yao Mutiso amefunua chandarua chake, mkate mkononi, nzi wawili juu ya mkate, kinywa wazi. Nikamgeuzia mwamba mgongo, nikawapiga wao. Baadaye nilipita nikiwaomba ruhusa mmoja mmoja, na wote walikubali. Kikongwe alitaka tu nimtumie nakala.

Hiyo ndiyo ikawa jalada. Madam aliitazama kwa muda mrefu ofisini, akasema, "Mwamba hauonekani." Kisha akasema, "Lakini unaonekana." Nakala ya kwanza ya kalenda ilikwenda kwa Bibi. Alijibu kwa kadi yenye maneno machache, la mwisho likiwa swali: yule mwenye nzi anaendeleaje?

Nimestaafu sasa. Magoti yangu hayapendi tena kupigwa chini, na jicho la kulia limetiwa kioo kipya hospitalini. Ninakaa Satwa na dada yangu, tunagombana juu ya chumvi kwenye mchuzi. Wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue kamera gani, na mimi huwajibu kwamba kamera yoyote itawashinda akili mpaka wajifunze kuikatalia. Hawapendi jibu hilo, lakini wanarudi.

Mutiso ndiye mhariri wa picha siku hizi, na bado hana subira. Juma lililopita alinitumia picha aliyoipiga mwenyewe Hatta: mke na mume wazee wanarina asali, moshi umewazunguka, mwanga umewaangukia kwa pembeni. "Aunty, iende?" aliuliza.

Nikamwandikia, "Wanaitwa nani?"

Kisha: "Sijauliza."

"Uko wapi?"

"Barabarani, nusu ya safari ya mjini."

Nikaiweka simu mezani. Baada ya saa nzima simu ililia: majina yote mawili, na picha mpya aliyojipiga. Ameketi kati ya wale wazee, nyuki begani, asali imemchirizika mpaka kidevuni, na bibi mwenye mzinga anamcheka.