Kona Iliyonyooshwa

Dada huyu alikuwa fundi pampu wa jengo la ghorofa tisa, na kwa habari ya maji usimtanie. Miaka kumi na minane ya spana, akitukanwa kwenye simu na wapangaji wa juu ambao sabuni imewakaukia kichwani. Akiona bomba lenye kona isiyo na sababu, hulisema kwanza, kisha hulifungua alinyooshe.

Nyumbani alikuwa mikono ya mdogo wake. Kijana wa watu alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, shingo ikaumia, na tangu siku ile hakuinua hata kidole. Mwaka mzima alikataa kula, akakataa kusema. Kilichomfumbua mdomo ni mchezo wa kompyuta: unajenga ngome ndani ya mlima, na wakazi wake wadogo wanachimba, wanalima, wanagombana. Yeye anasema, dada anabonyeza. Miaka miwili hiyo, ngome moja tu. Na mchezo wenyewe hauna huruma: ukiharibu umeharibu, hakuna kurudi nyuma.

Alasiri moja mdogo wake amelala, dada akakaa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Akaona maji ya kisima yanakuja kwa kusinzia, wakazi wamepanga foleni na ndoo zao. Akaufuata mfereji kutoka kwenye pampu ya juu mlimani. Ala! Karibu na kisima mfereji ulikuwa umepinda vibaya: miraba miwili ya mfereji imegusana kwa pembe tu, maji yanajipenyeza hapo.

"Kazi gani hii sasa?" akafyonza. Akaagiza wachimbaji wainyooshe ile kona. Mdogo wake akiamka afurahi, maskini.

Kimbelembele, jamani! Ufundi wa ghorofa tisa ameupeleka kusikouhusu. Kwenye mchezo ule, maji yaliyosukumwa na pampu hayasahau kimo cha pampu; yakipata tundu lolote hupanda mpaka kimo kile kile. Kinachoyavunja nguvu ni kupita pembe kwa pembe. Mdogo wake aliipinda kona ile makusudi.

Maji yakafoka kisimani. Yakameza ukumbi, yakameza ghala, yakaingia mabwenini.

"Mdogo wangu! Amka, amka!"

Akafumbua macho, akatazama kioo. "Kona iko wapi?"

"Nimeinyoosha. Nilidhani nakusaidia. Nisamehe."

"Zima pampu."

"Aliyekuwa kwenye swichi kazama."

Wakazi kumi na wanne, nusu yao watoto, walikuwa wamekimbilia chumba cha juu kabisa. Mlango mmoja wa mawe ungewaokoa. Lakini kwenye ngazi, nje ya mlango, alikuwa anapanda mchimbaji mmoja, na huyo alikuwa na jina la mdogo wake. Kijana mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo. Kuna siku alikuwa hachezi chochote, anamtazama tu anavyopanda na kushuka, na jioni anamwambia dada yake, "Leo nimetembea sana."

"Funga mlango," mdogo wake akasema.

"Wewe uko nje!"

"Naona. Funga."

"Bado hatua sita. Tumngoje kidogo, nakuomba."

"Maji hayangoji, dada. Kuna watoto mle."

Usije ukamwambia mwanamke huyu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alilijua hilo kabla yako. Alitamani aombe radhi upya, alie, avunje hiyo kompyuta. Mdogo wake alirudia neno lile lile, taratibu, naye akabonyeza.

Mlango ulifungwa. Mchimbaji akafika, akasimama mbele yake. Maji yakampanda magotini, yakampanda kiunoni. Dada akaweka kiganja juu ya kioo amfiche.

"Toa mkono," mdogo wake akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririkia masikioni na hakuwa na namna ya kuyafuta. "Toa mkono, dada. Bado amesimama."