Macho ya Tara

Hirashobha Shakya huchora nyuso za miungu mjini Patan, kazi aliyofundishwa na baba mkwe wake baada ya wana wa mzee huyo kukimbilia biashara ya simu. Sanamu za shaba hutoka kwa mafundi wa kusubu zikiwa hazina macho. Yeye huzipaka uso unga wa dhahabu, kisha huchora nyusi, midomo, na mwisho kabisa macho.

Sanamu inayoabudiwa haikarabatiwi hivihivi. Kwanza kuhani humtoa mungu aliyemo na kumhifadhi katika mtungi wa maji, ndipo fundi hushika shaba tupu. Kazi ikiisha, mungu hurudishwa.

Asubuhi ile alimkuta Tara, mungu mama mwokozi wa mtaa wao, ameshafikishwa karakanani, mguu wa kulia ameutanguliza kama anayetaka kushuka. Kando yake ulikuwepo mtungi wa shaba wenye maji, ua la manjano mdomoni. Hirashobha akajua kuhani amewahi. Akausogeza mtungi kwa heshima, akalowesha pamba, akaanza kuufuta uso uliofubazwa na moshi wa taa. Alianza na macho.

Alikuwa amefika kidevuni wakati Keshari, mke wa mtunza hekalu, alipoingia na sinia ya chai.

"Shoga, kuhani haji leo. Kafiwa na kaka yake alfajiri, yumo matangani, haruhusiwi kushika mu..." Sinia ikayumba. "Umefanya nini?"

"Si kamhamishia mtungini?"

"Mtungi gani? Huo wangu! Nimemletea maji yake ya asubuhi, asikae na kiu ugenini."

Pamba ilimdondoka Hirashobha. Vidoleni alikuwa na weusi wa wanja wa Tara. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumgusa mungu akiwa bado yumo.

"Nimempofusha," alisema.

"Usinitie kiwewe! Ngoja nimpigie."

Keshari alimweleza kuhani kisa chote, kisha akamsogezea Hirashobha simu.

"Dada," kuhani alisema, "mimi siwezi kumtoa mpaka matanga yaishe. Na kumwacha kipofu hatuwezi. Mrudishie macho."

"Akiwa yumo?"

"Akiwa yumo. Mkono uliofuta ndio utakaochora."

"Mkono huo umeshamkosea, Guruju," alisema Hirashobha, akimwita kuhani kwa heshima.

"Basi mwombe radhi kwanza."

Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Keshari alirudi nyuma hadi mlangoni. "Akishusha huo mguu, mimi simo," alinong'ona.

Siku nyingine Hirashobha huchora huku akipiga soga na kunywa chai. Safari hii alijifunga kitambaa mdomoni asimpumulie. Jicho la kushoto lilipokamilika alichovya brashi upya, kisha akachora la pili. Hakurudi nyuma kukagua kazi yake kama ilivyo desturi. Aliweka brashi chini, akafumba macho.

"Yako sawa?" aliuliza.

Keshari alichungulia kutoka mlangoni.

"Yanakutazama wewe."