Mkeka wa Kulala Hospitalini

Kwetu Bukavu mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake. Anakwenda na mtu wa kumlinda, na huyo mtu anabeba mkeka, sufuria na kitenge cha kujifunika, maana atalala chini kando ya kitanda mpaka mgonjwa apone au Mungu aamue vingine. Daktari anatoa dawa. Kulisha, kuogesha na kumgeuza mgonjwa ubavu ni kazi ya ndugu. Basi kaka yangu wa Bruseli aliponiambia kwa simu kwamba mama, aliyekuwa kwake, amepasuliwa nyonga huko, na usiku analala chumbani bila mtu, nilimtukana matusi ambayo dada mdogo hapaswi kumtukana kaka yake. Nikaanza kuhangaikia viza.

Nilifika asubuhi ya Jumapili, katikati ya miaka ya tisini, kwa treni iliyotushusha Gare du Midi. Kaka alinipeleka kwake, karibu na stesheni, akaniambia nilale kwanza. Alikuwa anaosha vyombo katika mkahawa, angetoka jioni ndipo anipeleke. Hospitali iko mbali, alisema, kule Woluwe, unavuka mji mzima, unapita uwanja wa Flagey. Nilimwitikia vizuri. Alipofunga mlango tu, nikapika ugali na sambaza, visamaki vikavu nilivyotoka navyo ziwani kwetu, nikafunga chakula kwenye sufuria, nikaviringisha mkeka, nikatoka. Mtu aliyekulia kwenye vilima vya Bukavu unamtisha na neno mbali?

Mgeni kipofu ingawa ana macho, lakini mdomo ninao. Pale nje ya stesheni palikuwa na soko kubwa, Wamoroko wanauza zeituni, mazulia na kuku wa kuchoma, kelele mpaka raha. Nikajiona niko nyumbani. Mwanamke mmoja akaushika mkeka wangu kichwani, akauliza bei. Nikamwambia hauuzwi. Akaongeza bei. Nikamwambia ni wa mgonjwa, akauachia haraka na kujifuta mikono.

Nikapanda mlima. Kila niliyekutana naye nilimsalimia bonjour, kama mtu mwenye adabu, na wengi walinitazama kama ninayetaka kuwaomba kitu. Mbele kidogo nikaacha. Bakini na midomo yenu, nikasema moyoni. Maduka yalikuwa yamefungwa na nyumba zimebanana, milango yote imefungwa, hakuna hata bibi mmoja aliyekaa kizingitini. Katika mkahawa mmoja niliona mbwa amekaa chini ya meza ya bwana wake, mhudumu anamletea maji kwenye bakuli. Hasira zikanipanda. Mbwa ana wa kumwangalia, mama yangu hana.

Flagey niliwakuta wachuuzi wanafunga soko. Mzee mmoja alikuwa anapakia makasha ya mboga kwenye gari huku anajisemea kwa Kiswahili, nikamwamkia. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura. Alipoona mkeka alicheka mpaka akaweka kasha chini.

“Maman, huko hawakuachi ulale,” alisema. “Saa mbili ya usiku wanatoa wageni wote.”

Nikamjibu kwamba mimi si mgeni, mimi ni mtoto wa mgonjwa. Akatikisa kichwa, akataka kunipakia kwenye basi. Nilikataa, kwa kuwa basi lina mtu wa kukwambia teremka, na siku hiyo sikutaka kuambiwa kitu. Akanionyesha barabara, nikaenda. Sikukumbuka kumwambia asante, maana nilikuwa nimeshaanza kuwaza hiyo saa mbili.

Kutoka hapo mji ukawa mpana, barabara zenye miti mikubwa, na manyunyu yakaanza. Sitasema ulikuwa mzuri au mbaya. Nilikuwa ninaukata tu kama mtu anayekata shamba la watu kufika kwake. Miguu ilivimba ndani ya viatu. Jioni inaingia nikaiona hospitali.

Mama alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, amesukwa nywele na mtu nisiyemjua. Alinishika uso kwa mikono miwili, tukalia. Alikula sambaza zote, akalamba vidole. Nikamuogesha miguu ingawa ilikuwa safi, nikatandika mkeka kando ya kitanda, nikakaa juu yake.

Saa ilipofika, muuguzi akaja. Aliniambia kwa upole kwamba muda wa wageni umekwisha. Nikamwambia sisi hatuachi mgonjwa. Akarudia. Nikarudia na mimi, kwa Kifaransa changu cha shule, nikaongeza kwamba akitaka nitoke aje anibebe na mkeka wangu. Alitoka, akakaa huko kidogo, nikasikia anaongea na mwenzake. Aliporudi alionekana amechoka. Bon, alisema, kwa usiku wa leo tu, na nisiwaambukize wengine tabia hiyo. Akaniletea blanketi. Ee, nilijisikia mkubwa! Nikamgeukia mama nimtafsirie ushindi wangu.

Mama alikuwa ameelewa. Alikuwa anakunja ukingo wa shuka, hanitazami.

“Enda ulale kwa kaka yako, mutoto wangu.”

Nilimwambia kaka ndiye aliyemwacha, mimi sitamwacha.

“Nilizaliwa katika chumba cha watu wengi,” alisema. “Nikaolewa, nikalala na baba yenu na ninyi wote. Akafa, nikalala na wajukuu. Hapa, muuguzi akifunga mulango, hakuna mutu. Niko miye tu. Usininyime.”

Niliumia, sifichi. Nilikunja mkeka taratibu, nikingoja aniambie niache. Mlangoni niligeuka kumuaga, nikamkuta ameshazima taa ya kitandani.

“Kesho ukuje,” alisema gizani. “Lakini usiwahi sana.”